Siku tisa kuwafuata waliorudi: kutoka Nairobi hadi Ngorongoro

Baadhi ya wanyama wa njia hii, au wazazi wao, waliwahi kuishi katika bustani za wanyama za ng'ambo, na leo wako Kenya na Tanzania: faru weupe wa kaskazini, faru weusi, bongo. Safari inaanzia zizini na kuishia porini, na mpangilio huo ni wa makusudi. Mtu asiyemjua faru kwa karibu hupita mita mia mbili kutoka kwake akidhani ni kichuguu. Aliyekaa nusu saa mbele ya uzio akasoma sikio, mdomo na mkia humwona ndani ya kichaka mapema.

Vifaa ni vichache. Darubini ya 8×42 inatosha. Yenye nguvu zaidi hutetemeka mkononi, hasa ndani ya gari. Kifuko cha kitambaa chenye kilo moja na nusu ya mchele huwekwa dirishani kushikilia kamera. Beba pia chupa ndogo ya plastiki yenye majivu makavu ya kupima upepo. Nguo ziwe za rangi ya udongo, maana buluu na nyeusi huwavuta mbung'o. Koti zito ni la siku ya mwisho.

Siku ya 1. Nairobi

Asubuhi ni ya kituo cha wanyama yatima, kilichopo tangu 1964 kwenye lango kuu la Mbuga ya Nairobi, barabara ya Langata, na njia ya mbao ya Safari Walk iliyo jirani yake. Malipo ni kwa mtandao, kwa hiyo fanya usiku uliotangulia. Wengi hupoteza saa nzima ya asubuhi langoni wakihangaika na simu.

Njia ya mbao imeinuliwa juu ya ardhi, nawe unawatazama wanyama kutoka juu, mahali pazuri pa kumwona bongo. Huyu ni swala mkubwa wa misituni, rangi ya kahawia inayowaka, mistari myeupe ubavuni, na pembe zinazojisokota mara moja kwa dume na jike. Hesabu mistari ya upande mmoja, kisha ya upande wa pili: mara nyingi hazilingani, na kila mnyama ana mpangilio wake. Ndivyo watafiti wanavyowatofautisha kwenye picha za kamera za kutegwa msituni. Bongo wa milimani waliobaki porini wanadhaniwa hawafiki 100, wote Kenya, na walio kwenye bustani za wanyama duniani ni wengi kuliko hao.

Kosa la wageni hapa ni kufika saa sita mchana. Joto likipanda, duma na simba hulala nyuma ya gogo na kilichobaki ni sikio. Fika saa mbili asubuhi, au alasiri kunapokaribia kulishwa. Ukimwona mnyama akienda na kurudi kwenye mstari uleule wa uzio, hatua zilezile, kichwa kikigeukia palepale, usidhani anakutafuta wewe. Ni dalili ya mnyama aliyefungwa mahali padogo, na inafaa kuitambua kwa sababu baadaye, kule Ol Pejeta na Mkomazi, utajiuliza kwa nini huioni.

Jioni ndani ya mbuga yenyewe: kilomita za mraba 117, iliyotangazwa 1946, imezungushiwa uzio pande tatu na kuachwa wazi kusini. Faru weusi na weupe wapo wote wawili, kwa hiyo ndiyo shule ya kwanza. Majina hayahusiani na rangi. Wote ni wa kijivu, na rangi ni ya tope waliloligaagaa. Tazama mambo manne. Mdomo wa juu wa mweusi umechongoka kama kidole na hushika matawi. Wa mweupe ni mpana na umenyooka, wa kukatia nyasi. Kichwa cha mweupe huning'inia karibu na ardhi, cha mweusi hubebwa juu. Mweupe ana nundu shingoni. Na wakikimbia, mtoto wa mweupe hutangulia mbele ya mama, wa mweusi hufuata nyuma, kwa kuwa mama yake ndiye anayepasua kichaka. Hili la mwisho hukuwezesha kuwatambua hata wakiwa vivuli viwili tu mbali.

Mahali pa kuchomea pembe za ndovu pako humohumo mbugani. Mwaka 1989 zilichomwa tani 12; Aprili 2016 zikachomwa tani 105, pamoja na zaidi ya tani moja ya pembe za faru. Inafaa kushuka hapo kabla ya kuendelea.

Siku ya 2. Nairobi hadi Nanyuki

Kiasi cha kilomita 200 kupitia Sagana na Karatina. Ondoka kabla ya saa 12 asubuhi, la sivyo malori ya barabara ya Thika yatakula asubuhi yako.

Chini ya Mlima Kenya, nje kidogo ya Nanyuki, kuna hifadhi ya binafsi yenye kituo cha wanyama yatima na kundi la bongo. Mwaka 2004 bongo 18 waliletwa hapa kutoka bustani za wanyama za Marekani, kizazi cha wale waliokamatwa kwenye misitu ya Kenya miongo kadhaa nyuma. Hawakufunguliwa siku ileile. Bongo aliyezaliwa Marekani hajui chui, hana kinga dhidi ya magonjwa ya kupe wa huku, na tumbo lake limezoea chakula cha kununuliwa. Mpango ukawa ni kuwazalisha kwanza, kisha watoto wa watoto wao waingizwe msituni wakiwa wamekua na majani ya mlima. Ilichukua hadi Machi 2022 ndipo wa kwanza walipoingia kwenye eneo la msitu lililozungushiwa uzio, Mawingu. Miaka 18! Wanaodhani kumrudisha mnyama ni kufungua mlango wa sanduku waikumbuke namba hiyo.

Bongo wa hapa wanaonekana vizuri wanapolishwa. Simama tuli na usivae koti la mvua linalochakarika: masikio ya bongo ni makubwa kuliko unavyotarajia, na sauti ya nailoni inawatimua kabla hujainua kamera.

Siku ya 3. Ol Pejeta

Hifadhi ya Ol Pejeta ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 360 na zaidi ya faru weusi 100. Siku nzima ni ya hapa.

Asubuhi, Najin na Fatu. Tarehe 20 Desemba 2009 faru weupe wa kaskazini wanne walifika kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Ucheki: madume Sudan na Suni, Najin, na Fatu binti yake. Suni alikufa 2014, Sudan 19 Machi 2018. Wamebaki mama na binti, na hakuna wengine wanaojulikana duniani. Kuwaona kunahitaji tiketi ya ziada na muda uliopangwa, na idadi ya watu ni ndogo; weka nafasi siku kadhaa kabla.

Wanaishi na Tauwo, faru mweupe wa kusini, na hilo ni zawadi kwa mtazamaji kwa sababu unaweza kulinganisha papo hapo. Wa kaskazini ana nywele nyingi zaidi masikioni na mkiani, mgongo ulionyooka zaidi, na umbo dogo kidogo. Usitazame ukubwa kwanza, unadanganya kulingana na nani yuko mbele. Anza na masikio, jua likiwa nyuma yao: nywele hung'aa ukingoni kama uzi.

Swali linaloulizwa kila mara ni kwa nini wasizae. Najin, aliyezaliwa 1989, ana miguu dhaifu ya nyuma isiyoweza kubeba uzito wa mimba. Fatu, wa mwaka 2000, ana tatizo la mfuko wa uzazi. Lakini mayai ya Fatu ni mazima. Kuanzia Agosti 2019 yamekuwa yakivunwa akiwa amelazwa kwa dawa, yakapelekwa Italia, yakarutubishwa kwa mbegu za madume waliokwisha kufa zilizogandishwa, na viinitete kuhifadhiwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Najin alipumzishwa kutoa mayai 2021. Jike wa kusini ndiye atakayebeba mimba. Baada ya majaribio kadhaa, kiinitete cha faru wa kusini kilishika. Mama huyo mbadala akafa kwa bakteria wa udongoni walioamshwa na mvua kubwa, akiwa na mimba ya siku 70. Habari hiyo ilitangazwa Januari 2024, na pamoja na majonzi yake ilionyesha kwamba njia inapitika. Ukikaa ukiwatazama wale wawili wakila nyasi kwa sauti ya kukata, kama mtu anayepasua kitambaa, ni vigumu kuondoka muda ukiisha.

Alasiri, makao ya sokwe ya Sweetwaters. Sokwe si wanyama wa asili wa Kenya. Wa kwanza waliletwa 1993 kutoka Bujumbura, vita vilipoanza Burundi. Wako makundi mawili, mto Ewaso Nyiro katikati. Jifunze dalili moja: nywele za mabega zikisimama na mnyama akaanza kuyumba polepole, una sekunde chache kabla hajakimbia na kurusha alichoshika. Rudi nyuma hatua tano na ushushe kamera. Wanaopigwa na mawe ni wale wanaocheka na kumwiga.

Jioni, faru weusi kwenye vichaka. Hapa somo la kinyesi linafaa. Faru mweusi hukata vijiti kwa meno kama kwa mkasi, na kwenye mavi yake utaona vipande vyenye ncha zilizokatwa mshazari. Tembo hutafuna na kuchana, mavi yake ni nyuzinyuzi. Mavi ya faru mweupe ni nyasi tupu. Faru wana vyoo vyao, marundo wanayorudia na kuyatawanya kwa miguu ya nyuma. Rundo likiwa bado bichi katikati na mbawakawa wakilishughulikia, mwenyewe hajafika mbali.

Siku ya 4. Barabarani

Nanyuki hadi Mtito Andei, zaidi ya kilomita 400. Siku ya kuendesha tu. Jaza mafuta Mtito Andei jioni ileile na kagua tairi la akiba. Ndani ya Tsavo hakuna wa kukusaidia haraka.

Siku ya 5. Tsavo Magharibi

Chemchemi za Mzima kabla ya saa mbili asubuhi. Maji yanatoka chini ya vilima vya Chyulu, yamechujwa na mawe ya volkeno, meupe kiasi kwamba unaona mkia wa mamba kwenye sakafu ya bwawa. Kuna chumba cha vioo chini ya maji. Wengi huteremka, hawaoni kiboko, hupanda baada ya dakika mbili. Viboko wamejifunza kukaa upande wenye kivuli, mbali na chumba. Lakini samaki hukusanyika palepale, na ukikaa robo saa kimya wanakaribia kioo. Kumwona kiboko vizuri, rudi juu na ufuate njia ya miguu ukiwa na askari. Usikatize kati yake na maji.

Mchana ni wa kupumzika. Jioni, Ngulia, eneo la faru lenye uzio lililoanzishwa miaka ya 1980, wakati faru wa Tsavo waliokuwa maelfu walipobaki wachache wa kuhesabika. Kenya nzima ilikuwa na takriban 20,000 mwaka 1970. Kabla ya muongo wa 1980 kwisha hawakufika 400. Uliza langoni saa za kuingia, maana eneo halifunguliwi siku nzima.

Faru mweusi wa Tsavo ni mwekundu. Udongo umempaka, na jua la jioni likimpiga anafanana na kichuguu kiasi cha kukatisha tamaa. Tafuta kinachocheza: masikio. Yanazunguka kila moja kivyake, kama mabakuli mawili. Zima injini mapema, mita 80 kabla, kisha mwaga majivu kidogo nje ya dirisha. Yakirudi ndani, upepo unatoka kwake na una muda. Yakielekea kwake, ameshakunusa, na macho yake dhaifu hayana haja ya kumthibitishia lolote.

Mtazame pia ndege mgongoni, mwenye mdomo mwekundu: askari wa kifaru. Jina lina ukweli. Utafiti uliofanywa Afrika Kusini uligundua kwamba faru mwenye ndege hao humgundua mtu anayekuja kwa miguu akiwa mbali kwa zaidi ya mara mbili kuliko asiye nao. Ndege wakiruka kwa kelele, faru hugeukia upande ambao upepo unaelekea, asikoweza kunusa. Mkia ukipanda na kujikunja, ameshtuka. Acha injini imezimwa, usiongee, usifungue mlango.

Lazima iandikwe hapa pia habari ya Julai 2018, ng'ambo ya barabara ya Mombasa, Tsavo Mashariki. Faru weusi 11 walihamishwa kutoka Nairobi na Nakuru. Maji ya kisima kwenye mazizi yao mapya yalikuwa ya chumvi. Faru aliyezoea maji yasiyo na chumvi ya Nairobi hunywa yale, kiu inazidi, hunywa tena, na mwili unakauka huku tumbo limejaa maji. Kumi walikufa hivyo. Wa kumi na moja, akiwa tayari dhaifu, alishambuliwa na simba. Kuhama kwa faru hufa au kuishi kwa vitu vidogo vya namna hiyo: chumvi, mbung'o, jani lisilozoeleka.

Siku ya 6. Taveta, Holili, Same

Toka kwa lango la Maktau na ushike lami ya Voi kwenda Taveta. Kituo cha mpakani ni cha pamoja, unagongewa mihuri yote jengo moja. Gari la utalii la Kenya haliingii hifadhi za Tanzania. Panga gari lingine likusubiri Holili. Gari la binafsi linataka kadi yake ya umiliki, kibali cha muda na bima ya njano ya COMESA. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe mkononi, usiizike chini ya begi. Lala Same, Milima ya Pare ikiwa juu yako.

Siku ya 7. Mkomazi

Lango la Zange liko kilomita chache kutoka mjini Same. Mkomazi ilikuwa pori la akiba tangu 1951 na ikawa hifadhi ya taifa 2008. Inapakana na Tsavo Magharibi, na tembo hawajui mpaka. Ni nchi kavu ya wanyama wa kavu: choroa, tandala mdogo, na swala twiga anayesimama kwa miguu miwili ya nyuma kufikia majani. Huyu wa mwisho mtafute saa moja asubuhi. Akisimama wima kichakani unaona shingo tu, kama tawi lenye masikio.

Faru weusi wa hapa wana historia ndefu kuliko ya faru wengine wengi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 faru kadhaa wa Kenya walipelekwa Addo, Afrika Kusini. Mwaka 1997 na 2001 wazao wao waliletwa Mkomazi, katika eneo la uzio lililojengwa chini ya mhifadhi Tony Fitzjohn. Mwaka 2009 wakaja watatu kutoka Dvůr Králové: Deborah, Jabu na Jamie. Mwaka 2012 watatu kutoka Port Lympne, Uingereza: Grumeti, Zawadi na Monduli. Mwaka 2016 Eliska, peke yake, kutoka Ucheki tena.

Kumsafirisha mnyama kama huyo huanza wiki nyingi kabla ya ndege. Sanduku linawekwa zizini kwake likiwa wazi pande zote mbili, na chakula kinawekwa ndani. Siku za kwanza anaingiza kichwa tu. Baadaye anaingia mzima, anakula, anatoka. Mlango hufungwa kwa dakika, kisha kwa muda mrefu zaidi, hadi kufungwa kusimtie hofu. Faru anayepigana na sanduku angani anaweza kujivunja pembe au kupanda joto hadi kufa. Akifika, anakaa kwenye zizi dogo. Majani makavu aliyosafiri nayo yanachanganywa na matawi ya huku, kiasi kinaongezwa polepole. Hatari kubwa ni mbung'o: aliyezaliwa Ulaya hana kinga ya nagana, ugonjwa wanaoueneza, kwa hiyo anazoezwa hatua kwa hatua na damu yake hupimwa. Akidhoofu, anarudishwa nyuma hatua moja.

Watalii wanaruhusiwa kuingia sehemu ya eneo la faru kwa gari la hifadhi na mwongozaji. Wale waliozoea watu husogea karibu, na hapo ndipo somo la Nairobi linalipa: utaona kidole cha mdomo kikizunguka kijiti, kikivuta, kisha sauti ya mkato mmoja. Angalia masikio yao, yamekatwa alama ndogo za V. Mahali pa alama ndiyo namba ya mnyama. Mwombe askari akusomee.

Siku ya 8. Same hadi Karatu

Zaidi ya kilomita 300 kupitia Moshi na Arusha. Malipo ya Ngorongoro yakamilike leo Arusha au Karatu. Asubuhi ya kesho kila dakika ni ya thamani. Ukipita Mto wa Mbu, punguza mwendo, nyani wako barabarani.

Siku ya 9. Bonde la Ngorongoro

Lango saa 12 kamili asubuhi. Ukingo wa kreta uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari na ukungu ni mzito. Sasa koti linafanya kazi. Teremka kwa barabara ya Seneto, ya kushuka tu. Gari la kuendesha kwa magurudumu manne ni lazima. Twiga hutaona humu, kuta ni mwinuko mkali kwake, na tembo karibu wote ni madume wazee.

Faru wa humu ni weusi na wa porini kabisa. Katikati ya miaka ya 1960 walihesabiwa zaidi ya 100. Ujangili uliwashusha mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi chini ya 20. Hawajifichi vichakani kama ndugu zao wa Tsavo. Asubuhi hutoka upande wa msitu wa Lerai wakala majani madogo yaliyo katikati ya nyasi, peupe, mara nyingi kilomita moja au zaidi kutoka barabarani. Kutoka nje ya barabara ni marufuku, hivyo darubini ndiyo safari yenyewe. Kuwatofautisha na nyati: nyati mara nyingi huwa kundini na mgongo wake unateremka kutoka mabegani, faru ni sanduku lililonyooka, kichwa kikiwa uzito wa upande mmoja. Fanya kazi hii kabla ya saa nne. Baada ya hapo ardhi inapata moto, mazigazi yanapanda, na kila kitu cha kijivu kinacheza kwenye kioo.

Chakula cha mchana ni Ngoitokitok, kando ya bwawa la viboko. Kula ndani ya gari. Mwewe huteremka kutoka nyuma na kunyakua mkate mkononi, na kucha zake hukata.

Hapa ndipo alipoishi Fausta. Alionekana kwa mara ya kwanza kretani 1965 akiwa na umri wa miaka mitatu hivi, na aliranda huru kwa zaidi ya nusu karne. Macho yalipofifia fisi walianza kumshambulia, akapata majeraha, na mwaka 2016 akahamishiwa kwenye zizi ili alishwe na kulindwa. Alikufa 27 Desemba 2019 akiwa na miaka 57, bila kuzaa. Deborah na Eliska walitoka zizini wakaja porini. Fausta alitoka porini akaingia zizini, na uzio ndio uliompa miaka yake mitatu ya mwisho.

Saa tisa alasiri anza kurudi kuelekea barabara ya kupandia ya Lerai. Usifunge darubini bado. Joto likipungua mazigazi hushuka, na faru waliolala mchana kutwa kama mawe husimama, mmoja baada ya mwingine, na kuanza kutembea kuelekea mitini.